Setilaiti ikishafika angani: kurekebisha, kufanya ugezi au kuhakiki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na ninaandika makala kuhusu setilaiti za hali ya hewa. Niliandika hivi: "Baada ya setilaiti kuzinduliwa, vifaa vyake hurekebishwa na kuthibitishwa dhidi ya vipimo vya ardhini." Mhariri wangu amepigia mstari karibu kila neno bila kunieleza sababu. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Sarufi ya sentensi yako haina kasoro. Kilichomkwaza mhariri ni maana, na nakubaliana naye, kwa sababu maneno uliyochagua yanamwonyesha msomaji mambo ambayo hayatokei huko juu.

Tuanze na kurekebisha, maana hapo ndipo penye uzito. Tunarekebisha kilichokwenda kombo: saa, ratiba, breki za bajaji. Msomaji akiambiwa vifaa vilirekebishwa, ataamini viliharibika njiani na kuna fundi aliyevishika. Lakini Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, iko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na fundi hafiki huko. Kihisi chake, yaani kifaa cha kupimia, hupokea mionzi kutoka mawinguni, baharini na nchi kavu, kisha hutoa namba tupu. Namba hiyo haina maana mpaka ilinganishwe na kitu ambacho thamani yake inajulikana. Kwa mionzi ya infraredi, setilaiti hubeba kitu cheusi ambacho jotoridi lake hupimwa hukohuko angani. Kihisi hukitazama kitu hicho, kisha hutazama anga tupu lenye baridi kali mno. Kwa vipimo hivyo viwili, wataalamu walioko ardhini hukokotoa kila namba ya kihisi inawakilisha mionzi kiasi gani. Kihisi kinabaki kama kilivyo. Kinachobadilika ni hesabu.

Kazi hiyo inaitwa ugezi. Shirika la Viwango Tanzania hulitumia neno hili kwa huduma zake za vipimo, na nasikitika kwamba waandishi wengi wanalipita kana kwamba halipo. Andika "hufanyiwa ugezi".

Ugezi hauhitaji kifaa cha kulinganishia kiwe ndani ya setilaiti. Meteosat za kizazi cha pili hazina chombo cha kulinganishia vipimo vya mwanga wa kawaida wa jua. Wataalamu hutazama majangwa ya Libya, ambayo mng'ao wake haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, na hutazama Mwezi, usio na mawingu wala mvua ya kubadili sura yake. Tangu 2005 upo pia mpango wa kimataifa, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na washirika wake, wa kulinganisha setilaiti moja na nyingine zinapotazama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Huo nao ni ugezi.

Ipo hali moja ambapo kifaa chenyewe hufanyiwa jambo: barafu hujijenga kwenye sehemu zake za baridi, kikapashwa joto ili iondoke. Hapo sema kusafisha.

Sasa kuthibitisha. Anayethibitisha ameshafika kwenye ndiyo; anayehakiki bado anauliza. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya wafanyabiashara wa Kariakoo, na mizani inaweza kukataliwa. Vyeti vya watumishi wa umma vilipohakikiwa, mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hakuna aliyesema vyeti hivyo "vilithibitishwa". Setilaiti nayo ni hivyo. Kutokana na picha zake hukadiriwa upepo kwa kufuatilia mwendo wa mawingu. Makadirio hayo hulinganishwa na upepo uliopimwa na puto la hali ya hewa, kama yale yanayorushwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Yanaweza kulingana, yanaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo andika uhakiki, na uthibitisho uuache kwa matokeo yakiwa mazuri. Angalia pia kwamba kinachofanyiwa ugezi ni kifaa, ila kinachohakikiwa ni taarifa inayotokana nacho: upepo, joto la bahari, kiasi cha mvua. Ukivichanganya, umempotosha msomaji hata kama kila neno ni Kiswahili safi.

"Dhidi ya" iondoe kabisa. Chanjo ni dhidi ya polio na Simba hucheza dhidi ya Yanga. Vipimo vya puto havipambani na setilaiti. Sema "kwa kulinganishwa na".

Kuhusu kuzinduliwa, roketi na setilaiti hurushwa. Kuzindua ni kuanzisha kitu rasmi, na kwa setilaiti matukio hayo mawili yanaweza kuachana sana. Meteosat-12 ilirushwa Desemba 2022 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikaanza kazi rasmi Desemba 2024. Sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kwa kazi hizihizi unazoandikia. Ukisema "ilizinduliwa", msomaji atashika mwaka upi?

Ningeandika hivi: "Baada ya setilaiti kurushwa, vifaa vyake hufanyiwa ugezi, na taarifa zinazotokana navyo huhakikiwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini na vya maputo."

Kiambishi hu- ulichokitumia usikibadilishe, hata mhariri akipendekeza -li-. Meteosat-9 ilirushwa Desemba 2005, na tangu 2022 inatazama upande wetu ikiwa juu ya Bahari ya Hindi, nyuzi 45.5 mashariki. Vihisi huchakaa kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo ugezi wake haukuisha mwaka ule iliporushwa. Hurudiwa muda wote setilaiti inapokuwa kazini.