Tanguliza Mirambo, lakini hadithi yake iishe

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama gemu lako la vita vya Unyamwezi ulitoe lote kwa mkupuo, au kampeni (hadithi ya kuchezwa misheni kwa misheni) ya mtemi Mirambo itangulie, ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, ifuate, kisha ya wafanyabiashara wa Kazeh, yaani Tabora ya zamani. Tanguliza Mirambo.

StarCraft II, gemu la vita la kompyuta lenye pande tatu zinazopigana, ilipita njia hiyo, ikatoka kwa sehemu tatu: Wings of Liberty 2010, Heart of the Swarm 2013, Legacy of the Void 2015. Wapo walionung'unika kwamba wanauziwa gemu moja mara tatu. Lakini sehemu ya kwanza pekee ilikuwa na misheni zaidi ya 25, na kwenye mechi za mtandaoni pande zote tatu zilichezeka tangu mwanzo. Hilo liige. Anayenunua apate majeshi yote matatu ya kupambana na rafiki yake. Kinachosubiri kiwe hadithi tu. Na huku kwetu Kigoma, faili dogo linaokoa bando.

Usimkatie mtu utamu katikati. Mirambo alifariki 1884, imalizie hapo. Ya Isike iishe Januari 1893: Wajerumani wameingia bomani, naye anawasha ghala la baruti. Misheni hiyo nakuomba usiiharakishe. Mchezaji ashike kijinga cha moto mwenyewe.

Tarehe ya sehemu ya pili usiitangaze kabla hujaimaliza. Wale wa StarCraft wenye wafanyakazi tele walisubirisha watu sehemu ya pili karibu miaka 3, na wewe uko peke yako na laptop moja.