Kompyuta ya Mtumba Ifuliwe Kwanza

Nguo ya mtumba ukitoka nayo sokoni Sabasaba huivai kabla hujaifua, hata kama muuzaji ameipiga pasi na kuitundika vizuri, kwa sababu hujui ilivaliwa na nani wala ililala ndani ya robota kwa muda gani. Kompyuta mpakato ya mtumba hatuitendei hivyo. (Nasema mtumba wa bidhaa, si Mtumba ya Mji wa Serikali hapa Dodoma.) Tunalipa, tunaiwasha, na jioni ileile tunaingiza humo nywila ya barua pepe, ya benki na ya kila mahali tunapojulikana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, si mtaalamu wa kompyuta, na haya ninayoyaandika nimejifunza kwa hasara. Mwaka 2020 nilinunua kompyuta yangu katika duka moja la mjini, na muuzaji akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ni ukarimu: "Mwalimu, humo nimekuwekea kila kitu." Kila kitu kilikuwa Windows, Office, programu ya kuhariri picha na filamu kadhaa za kuniburudisha. Mimi sikuvilipia, na yeye pia hakuwa amevilipia.

Miezi miwili baadaye, katika juma la kujaza alama za muhula, nilihitaji programu ya kugeuza PDF kuwa Word. Nikatafuta iliyochakachuliwa, nikaipakua na kuifungua, na sikuona ikifanya lolote. Niliporudi kutoka kusimamia mtihani nilikuta kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake. Picha hazikufunguka, alama za mikondo miwili ya kidato cha tatu hazikufunguka, na katika kila folda palikuwa na faili dogo la maandishi liitwalo _readme.txt. Humo niliandikiwa kwa Kiingereza kwamba nilipe dola 980 ili nifunguliwe, au dola 490 kama ningewahi ndani ya saa 72. Flashi yenye nakala zangu ilikuwa bado imechomekwa ubavuni mwa kompyuta, nayo ikafungwa vilevile.

Fundi kijana wa Ipagala ndiye aliyenionyesha chanzo. Alifungua mipangilio ya Windows Defender, yaani kinga inayokuja na Windows yenyewe, akashuka hadi kwenye orodha ya mahali pasipokaguliwa, na hapo tukaona diski C nzima imeandikwa. Programu ya hila ambayo muuzaji aliitumia kuamilisha Windows na Office, yaani kuzifanya zijione zina leseni bila kulipiwa, ingefutwa na Defender mara tu ilipoonekana, kwa hiyo alichofanya ni kuiamuru Defender isiangalie popote. Mlinzi alikuwepo getini, ila alikuwa ameagizwa asimkague mtu. Kosa la kufungua programu ya wizi lilikuwa langu, na silikani. Lakini kompyuta safi huenda ingenizuia. Alama nilizijaza upya kutoka kwenye karatasi kwa siku tatu. Picha za harusi ya dada yangu hazijarudi hadi leo.

Tangu hapo, kompyuta yoyote ya mtumba inayoingia nyumbani kwetu hufutwa yote na kuwekewa Windows upya kabla ya kuandikwa nywila hata moja. Kazi hiyo si ngumu kama mafundi wengine wanavyotaka tuamini. Unahitaji flashi tupu ya GB 8 au zaidi, kwa kuwa yaliyomo yatafutwa, na bando la kutosha kupakua GB 5 au zaidi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili la Windows lililopitia kundi la WhatsApp au flashi ya rafiki halikufai, kwani hilo ndilo vazi lisilofuliwa unalolikimbia. Wakati wa kuweka, kisanduku kikikuonyesha sehemu za diski, zifute zote, pamoja na ile diski D aliyokuwekea muuzaji filamu.

Hofu kubwa ya watu ni leseni, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Kompyuta nyingi za HP, Dell na Lenovo zilizotoka kiwandani zikiwa na Windows, tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012, zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa kwenye ubao mama wenyewe. Ukiweka toleo lilelile la Windows, Home kwa Home au Pro kwa Pro, kisha ukaunganisha intaneti, mara nyingi inajiamilisha bila kukuuliza kitu. Maana yake ni kwamba wauzaji wengi wanatia programu ya hila kwenye mashine ambayo tayari ina leseni yake halali, kwa mazoea tu. Kabla ya kununua, fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya uamilishaji na usome kilichoandikwa. Ikisema kwamba Windows imeamilishwa na huduma ya taasisi yako, nawe huna taasisi yoyote, basi umeshajua.

Kwa upande wa chuma chenyewe, usidanganyike na jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, "Core i5" peke yake. Geuza kompyuta au fungua mipangilio uisome namba yote. i5-3320M ni ya kizazi cha tatu, yaani ya zamani. i5-8350U ni ya kizazi cha nane, mpya zaidi. Zote mbili zitaitwa Core i5 dukani na stika zake zitang'aa sawasawa. Tofauti hiyo imekuwa na uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, kwa kuwa Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ukikuta Windows 11 kwenye kizazi cha tatu, ujue imelazimishwa, na Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Mashine ya namna hiyo si ya kutupa: ikiwekewa Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, badala ya diski ya kuzunguka, inamfaa sana mwanafunzi anayeandika na kusoma. Ila ilipiwe bei ya kizazi cha tatu.

Feni nayo isikilizwe. Vumbi letu la kiangazi, hasa upepo ukishika kasi, huingia kwenye kompyuta na kuganda kwenye matundu ya kupozea mpaka mashine inachemka na kujizima. Mwombe muuzaji aicheze video kwa dakika kumi, kisha uweke kiganja panapotokea hewa.

Kuhusu programu za kazi, mimi sasa natumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali. Sitasema haina kero: jedwali lililotengenezwa kwa Word wakati mwingine husogea, kwa hiyo kazi ya kuchapishwa huipeleka kwa mtu wa steshenari ikiwa PDF. Antivirusi ya kununua sina, na sioni sababu ya kuwa nayo, ilimradi Defender imewashwa na orodha yake ya mahali pasipokaguliwa ni tupu. Nakala za alama ziko kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa mara nakala ikiisha kunakiliwa na kurudi kabatini.

Jambo la mwisho nililijua mwaka jana, na ndilo linalonifanya nishauri kwamba kompyuta ifuliwe mapema, muuzaji akiwa bado anakumbuka sura yako. Jirani yangu wa Nkuhungu alinunua kompyuta nzuri ya kizazi cha nane, akaniletea jioni tuifute. Kazi ikaenda vizuri hadi tulipounganisha intaneti. Badala ya kuuliza jina la mtumiaji, skrini ilitukaribisha katika kampuni moja ya Ujerumani na kudai anwani ya barua pepe ya mfanyakazi. Kampuni ilikuwa imeiuza au kuipoteza mashine bila kuiondoa kwenye orodha yake, na hakuna mtu Dodoma ambaye angeweza kuiondoa kihalali. Jirani alitaka tutafute njia ya kuukwepa ukurasa ule. Nikamwambia, "Ndugu yangu, risiti unayo na leo ni siku ya pili, irudishe." Asubuhi yake tulikwenda pamoja, tukaiwasha mbele ya muuzaji, naye alisoma ukurasa ule mara mbili bila kubisha, kisha akashusha nyingine kutoka rafu ya juu. Hiyo tuliifuta palepale kaunta, na ikajiamilisha yenyewe.