Uti wa mgongo kubanwa shingoni: upasuaji wa mbele au wa nyuma?

Swali: Daktari, nina miaka 58. Kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi, na nikitembea nayumba. Kipimo cha picha cha MRI kimeonyesha uti wa mgongo umebanwa sehemu tatu shingoni. Daktari mmoja anataka kunipasua kwa mbele, mwingine kwa nyuma. Nimfuate yupi? Na kwa kuwa shingo hainiumi sana, naweza kusubiri?

Jibu: Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Tafadhali usisubiri. Maumivu si kipimo cha ugonjwa huu. Wapo wasioumwa shingo kabisa huku mikono na miguu ikizidi kudhoofika. Upasuaji kwanza kabisa ni wa kuzuia hali isiendelee kuharibika. Wengi hupata nafuu pia, lakini uti (yaani ule mkanda wa neva upitao ndani ya mifupa ya shingo) uliobanwa muda mrefu huenda usirudi kama zamani.

Kuhusu njia, huenda wote wawili wako sahihi. Waombe wakuonyeshe picha iliyopigwa kwa ubavuni, uwaulize: kinachobana kimetokea upande gani, na shingo imepinda vipi? Kwa kawaida shingo hubonyea kidogo kwa nyuma. Ikiwa yako bado iko hivyo, nafasi ikifunguliwa nyuma uti husogea huko na kupumua. Ikiwa imeinama kuelekea mbele, kufungua nyuma peke yake hakutoshi, kwa sababu uti utabaki umelalia kilekile kinachoubana.

Kwa mbele, daktari hupitia kando ya koo, huondoa diski (vijito laini vilivyo kati ya mifupa ya shingo) na vijimfupa vilivyoota, kisha huunganisha pingili, yaani mifupa yenyewe ya shingo, mara nyingi kwa bamba la chuma. Ni njia nzuri sana kwa sehemu moja au mbili. Kwa tatu inawezekana, ila uwezekano wa mifupa kutounga huongezeka, hasa kwa mvutaji sigara. Kama unavuta, acha sasa. Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza hutokea, na kwa wengi hupungua.

Kwa nyuma, matao ya pingili (sehemu ya nyuma ya mfupa inayofunika uti) huondolewa na shingo kukazwa kwa skrubu, au hufunguliwa upande mmoja kama mlango, mbinu iliyoanzia Japani, ambayo huacha shingo ikigeuka zaidi. Hapa misuli huguswa sana, hivyo maumivu ya shingo na maambukizi ya kidonda hutokea zaidi kuliko kwa mbele.

Wakati unasubiri tarehe, usikubali mtu yeyote akuzungushe shingo kwa nguvu au kuivuta. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukikushinda kuuzuia, nenda hospitali siku hiyohiyo.