Inveta ya gari la kambi inazima birika likiwashwa: je, imekufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna Land Cruiser tuliyoigeuza kuwa gari la kulala, tunaikodisha kwa wageni hapa Arusha. Betri ya pili, ya jeli, 200Ah (ampea-saa), iko mbele kwenye injini. Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) ya volti 12, wati 2000, iko nyuma chini ya kitanda, kama mita 5 kutoka kwenye betri, na waya ni wa mm 16 (za mraba). Simu, kompyuta na taa hazina shida. Mgeni akiwasha birika la umeme la wati 1500, inveta inapiga kelele sekunde chache, kisha inazima na taa nyekundu inawaka. Nikipima betri asubuhi napata volti 12.7. Betri nimeshabadilisha, tatizo ni lile lile. Fundi mmoja amesema inveta imekufa, ninunue ya wati 3000. Ni kweli? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue inveta bado. Kwa maelezo yako, naamini inveta yako ni nzima na inajilinda, na ukiweka ya wati 3000 kwenye waya ule ule itazima vile vile.

Inveta iliyoungua transista zake za kuingizia umeme kwa kawaida haiwashi hata taa moja. Mara nyingi inakata fyuzi kubwa pale pale unapoiunga. Yako inafanya kazi ndogo siku nzima, inalia kwanza, ndipo inazima. Hiyo ni tabia ya inveta inayopata volti pungufu. Nyingi za volti 12 huanza kulia volti zikishuka karibu na 11, na hukata zikifika kama 10.5, ili betri isinyonywe hadi kuharibika.

Najua utaniambia betri ina 12.7. Hizo ni volti za betri iliyopumzika, na zinakuambia imejaa. Hazikuambii lolote kuhusu kinachotokea njiani birika likiwa linavuta. Nyumbani, kwenye volti 230, birika lako linavuta kama ampea 6.5, ndiyo maana waya wake ni mwembamba. Kwenye volti 12 kazi ile ile inataka karibu ampea 140, ukihesabu na umeme unaopotea ndani ya inveta. Mita 5 kwenda na mita 5 kurudi ni mita 10 za shaba. Kwa waya wa mm 16, mita 10 zina ukinzani wa takriban miliohm 11, kwa hiyo volti 1.5 zinaishia njiani. Betri nzuri ikibebeshwa mzigo huo inaweza kushuka hadi karibu 12. Toa 1.5, umefika 10.5. Ubaya zaidi, inveta ikipata volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi ili kufikisha wati zile zile, na upotevu unaongezeka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko chai ya mgeni ni joto. Ampea 140 mara volti 1.5 ni wati zaidi ya 200 zinazopasha moto waya uliopita chini ya zulia, pengine kando ya bomba la mafuta. Angalia leo hii fyuzi iliyo karibu na betri ni ya ampea ngapi. Fyuzi inalinda waya, na waya wa mm 16 wenye fyuzi ya 250 hauna ulinzi wowote. Kama hakuna fyuzi kabisa karibu na betri, fungua waya huo usitumike mpaka iwekwe.

Sasa upime, maana hesabu yangu imechukulia kwamba waya ni shaba tupu na viungo vyote ni vizuri. Vua pete na saa. Volti 12 hazikurushi, lakini spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inayeyuka mkononi. Upande wa 230 ni umeme wa kuua kama wa nyumbani, usiuguse.

Washa mzigo ambao inveta inauvumilia, mfano pasi ya wati 1000. Mita yako iweke kwenye volti za DC. Ncha moja igusishe nguzo ya chanya ya betri, nguzo yenyewe ya risasi na si kichwa kilichofungwa juu yake. Ncha nyingine igusishe terminali ya chanya ya inveta. Namba utakayoisoma pasi ikiwa imewaka ndiyo volti zinazopotea upande wa chanya. Halafu pima hivyo hivyo hasi kwa hasi. Kila upande ungepaswa kuwa chini ya volti 0.25 hivi. Ukikuta upande mmoja una 0.5 na mwingine 1.2, hapo huhitaji tena kubahatisha, kwa sababu waya wenye urefu na unene ule ule unapoteza sawa kwa sawa. Ile ziada iko kwenye kiungo.

Kiungo kinatafutwa kwa namna hiyo hiyo, hatua kwa hatua: nguzo ya betri na kichwa chake, upande mmoja wa fyuzi na wa pili, lagi (yale macho ya shaba ya mwisho wa waya) na bolti yake. Sehemu yenye namba kubwa ndiyo mgonjwa. Kwa magari ya Arusha mimi ningeanza na hasi. Mafundi wengi hupitisha waya wa chanya hadi nyuma, halafu hasi wanaifunga kwenye chesisi juu ya rangi na kutu. Na barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi hadi Seronera, kwa mitikisiko yake, inalegeza nati ambayo ilikazwa vizuri kabisa gereji. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga kwa washa ya meno, paka grisi juu.

Kagua na lagi zenyewe. Lagi iliyobanwa kwa nyundo inashika kwa miezi michache tu. Inatakiwa mashine ya kubania. Kisha kwangua uzi mmoja wa waya kwa wembe. Ukionekana mweupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, na upotevu wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Waya wa namna hiyo upo mwingi madukani, na kwa macho huwezi kuutofautisha mpaka uukwangue.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Toa inveta, ipeleke karibu kabisa na betri, iunge kwa waya mfupi na mnene wenye fyuzi yake, kisha washa birika. Ikifanya kazi, inveta ni nzima. Kama bado inazima, pima volti kwenye terminali zake wakati ule ule inapolia. Zikiwa zimeshuka chini ya 11 hata kwa waya mfupi, betri ndiyo haiwezi, hata kama ni mpya. Zikiwa juu ya 11.5 na bado inakata, hapo nakubaliana na fundi wako kwamba tatizo liko kwenye inveta. Ila kwanza soma kibandiko chake, kwa sababu inveta nyingi za bei nafuu huandikwa wati 2000 kwa herufi kubwa, na hizo ni za sekunde chache tu. Za kudumu ni 1000. Pia ifungue matundu ya feni. Vumbi la kule mbugani likijaa ndani, na kisanduku kimefungwa chini ya kitanda bila hewa, itazima kwa joto. Hiyo utaijua kwa sababu haizimi papo hapo; inafanya kazi dakika kadhaa kwanza.

Dawa yenyewe ni kufupisha njia. Inveta usiihamishie kwenye injini, kuna joto na maji. Hamisha betri ya jeli iende nyuma, ifungwe imara mahali penye hewa, mita 1 kutoka kwenye inveta, kwa waya wa mm 50 na fyuzi ya ampea 200. Kwa umbali huo upotevu unashuka hadi kama volti 0.1. Waya mrefu kutoka mbele utabaki wa kuchajia tu, na kuchaji kwa ampea 30 au 40 kunawezekana kwa huo huo mm 16 ulio nao, kama ni shaba kweli na una fyuzi pande zote mbili, maana kila mwisho wake una betri. Ukilazimika kuacha betri mbele, nunua mm 70, na andaa pesa, shaba hiyo si rahisi.

Jambo moja hukuliuliza, lakini nalitaja kwa sababu gari linakodishwa. Mgeni akifika kambini asichomeke kebo ya umeme wa kambi kwenye soketi inayotoka kwenye inveta. Umeme wa nje ukikutana na wa inveta, inveta inaungua papo hapo, na hiyo haitengenezeki kwa kukaza nati. Weka swichi ya kuchagua, ama inveta ama kambi, isiyoruhusu vyote viwili kwa pamoja.

Na kuhusu birika: kuchemsha lita 1.5 kunakula kama Ah 13 za betri, kiasi ambacho yako inakimudu. Lakini kama gari lina jiko la gesi, mimi ningewawekea wageni sufuria na kuiachia inveta kamera na kompyuta.

Ukishapima, niandikie namba tatu: upotevu wa chanya, upotevu wa hasi, na volti kwenye terminali za inveta inapolia. Taja pia wati za mzigo uliotumia.