Kutu ya ngano kugeuka nyeusi: kabla ya kuchoma mabua, tafuta maotea

Mkuu, umeuliza kama weusi uliotokea kwenye mabua baada ya kutu nyekundu ni ugonjwa wa pili, na kama uyachome. Ni fangasi yuleyule, Puccinia graminis, kabadilisha nguo tu kwa kuwa ngano inakauka. Kuhusu kuchoma, inategemea kama karibu na shamba kuna baberi, vichaka vya miiba ambavyo fangasi huyu huishi juu yake pia.

Fangasi huyu ana aina 5 za spora, yaani chembe anazozaliana nazo. Zinazotumaliza ni zile nyekundu. Pitisha kidole kwenye lengelenge la shina: ngozi imechanika kingo zote, na kidole kinatoka na vumbi la rangi ya matofali. Upepo hulibeba hata mamia ya kilomita. Likipata umande linaota, na baada ya wiki 2 hivi limezaa vumbi jingine, ngano kwa ngano, msimu mzima.

Ngano ikikomaa, malengelenge hayohayo huanza kutoa spora nyeusi. Rudia kidole: safari hii hakitoki na kitu, zimeng'ang'ania. Zina ganda nene la kuvumilia miezi ya baridi, ila ngano haziiwezi. Joto likirudi hutoa spora ndogo mno zinazoshambulia baberi, jambo alilolithibitisha mtaalamu wa fangasi Mjerumani, Anton de Bary, mwaka 1865.

Hapo kwenye baberi ndipo ninapopapenda mimi. Juu ya jani hutokea vitone vya utomvu mtamu. Wadudu wanaoufuata huhamisha mbegu za kiume, na jinsia zinakutana. Baadaye geuza jani: chini yake kuna vikombe vidogo vya rangi ya chungwa vimesongamana. Spora za vikombe hivyo haziambukizi baberi, zinarudi kwenye ngano, nyingine zikiwa na michanganyiko mipya ya vinasaba inayovunja ukinzani wa mbegu zetu. Ndiyo maana Marekani ilianza kampeni ya kung'oa baberi mwaka 1918.

Kama huna baberi jirani, huo weusi umefika mwisho wa njia, na kuchoma hakukusaidii kitu kwa kutu hii. Kutu ya msimu ujao itatoka kwenye ngano iliyo hai: maotea ya pembezoni (ngano iliyojiotea yenyewe), shamba la jirani aliyechelewa kupanda, au upepo wa mbali. Ng'oa maotea yote wiki kadhaa kabla ya kupanda, na mbembeleze jirani naye afanye hivyo.

Ila usiyapeleke haya kwenye maharage. Kutu yake humaliza hatua zote kwenye mharage wenyewe, kwa hiyo huko masalia usiyaache shambani.