Majibu ya DNA yakirudi "haijulikani": maswali yenu

Dada angu alipata kansa ya titi ana miaka 38, nikaogopa nikapima jeni, majibu yamerudi VUS kwenye BRCA2. Ndo nina kansa?

Hapana mdogo wangu, kipimo hiki hakitafuti kansa kabisa. BRCA1 na BRCA2 ni jeni ambazo zikiharibika hatari ya kansa ya titi inapanda, na VUS ni kifupi cha Kiingereza cha badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Kinachosemwa hapo ni kwamba kuna sehemu ya jeni yako iko tofauti na walivozoea kuiona, ila ushahidi wa kusema inadhuru au haidhuru bado hautoshi. Itoe hiyo ripoti uangalie, kuna mstari unaanza na herufi c na nukta, namba, halafu kitu kama C>T, yaani pale penye C wewe una T, basi. Mtu akiandika "habali" tunamwelewa tu, akiandika "karamu" akimaanisha kalamu maana imeshahama, yako sasa ni tofauti ambayo hawajaiona vya kutosha kujua iko kundi gani. Tangu 2015 maabara nyingi zinapanga majibu kwa madaraja matano, kuanzia linalodhuru hadi lisilodhuru, na VUS imekaa katikati kabisa.

Ila na mimi nikuulize, dada mwenyewe kapimwa? Manake huyo ndo alitakiwa aanze. Akikutwa na badiliko linalojulikana kudhuru, wewe unapimwa hilohilo na unapata jibu la ndio au hapana. Watu wengi wanaanza na aliye mzima halafu wanabaki wanahangaika.

Nina VUS ya BRCA1, shangazi kanishauri nikatoe matiti yote kama Angelina Jolie.

Shangazi anakupenda, ila Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, alieleza mwenyewe 2013 kwamba badiliko lake ni lile linalojulikana kuongeza hatari, na mama yake alikufa kwa kansa. Kwa VUS peke yake hakatwi mtu. Kinachoamua ni ukoo: nani aliumwa, kansa gani, akiwa na umri gani, upande wa baba pia msiusahau maana BRCA inaweza kurithiwa kwa baba au kwa mama. Ukoo wako ukiwa na wagonjwa wengi unaweza kuambiwa uanze mammogramu (picha ya eksirei ya titi) au MRI (picha ya mashine ya sumaku) mapema hata bila hiyo VUS.

Niko Minnesota, mzungu tunayefanya naye kazi kapima kipimo hikihiki kapata safi, mimi VUS 3. Wanatubagua?

Maabara haijakubagua wewe, tatizo liko kwenye data wanayolinganishia. BRCA1 imetambuliwa 1994 na tangu hapo waliopimwa wengi ni wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko ambalo huenda ni la kawaida tu Ukerewe au Kitui, kwao linaonekana geni. Miradi kama H3Africa, ya utafiti wa jeni za Waafrika, ilianza 2012 kuziba hilo pengo, bado sana. Pia angalia mmepimwa jeni ngapi, kipimo cha jeni 80 kwa kawaida kinaleta VUS nyingi kuliko cha jeni 2.

Nimpime na binti yangu wa miaka 12?

Hapana. VUS haimsaidii kitu, na hata lingekuwa lile baya, BRCA kwa kawaida inasubiri awe mtu mzima aamue mwenyewe.

Hii VUS itakaa hivi milele?

Inaweza kubadilishwa daraja, lini hakuna anayejua. Maabara zinaweka wanachokiona kwenye ClinVar, benki ya data ya serikali ya Marekani iliyo wazi kwa kila mtu, kesi zikijaa wanapitia upya. Habari njema ni kwamba nyingi zinazobadilishwa zinaenda upande wa kutodhuru, chache ndo zinageuka mbaya. Usikae ukisubiri wakupigie, wengine hawapigi, wengine wanapiga namba uliyoacha kuitumia zamani. Uliza kila mwaka au ukoo ukipata mgonjwa mpya, na utunze ripoti nzima yenye ule mstari wa c, kikaratasi cha dokta kilichoandikwa "VUS BRCA2" tu hakimsaidii mtu kutafuta chochote.