Kumpitishia umeme mwenye kifafa si kumchokoza?

Ndugu, kuna njia inayotafitiwa ya kupitisha umeme kidogo kwenye ubongo wa mwenye kifafa, ili shambulio litabiriwe kabla halijaja. Swali lako la kama umeme huo hautamwangusha mgonjwa ni la haki. Lakini ni mpigo mdogo sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. EEG ya kawaida, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, husikiliza tu. Hapa daktari anagonga, kama fundi anavyogonga ukuta asikie mlio. Seli za ubongo zikijibu kwa nguvu kupita kawaida, au zikichelewa kutulia, huenda shambulio liko karibu. Kutabiri kwa kusikiliza peke yake kulijaribiwa Melbourne, Australia: matokeo ya 2013, wagonjwa 15 wenye elektrodi (vinasa umeme) ndani ya kichwa na kifaa cha taa za tahadhari. Kwa baadhi kilifaa, kwa wengine hapana. Kugonga bado ni utafiti, kwa hiyo mgonjwa asiache dawa.